Suzuki SJ413 ya kabureta: mpira upi wa vakyumu unaingia wapi, na je, inchi 13 ni dalili ya injini iliyochoka?

SierraYaRongai aliuliza:

Habari zenu, wakubwa na wenzangu. Nina Suzuki SJ413 ya mwaka 1988, yenye injini ya petroli ya G13A ya sentimita za ujazo 1,324 na kabureta, ambayo ninaitumia kwenda kazini mjini na, nikipata nafasi, kuteremka Magadi au kuzunguka nyuma ya vilima vya Ngong. Kabla haijawa yangu, kabureta yake ilifunguliwa katika gereji moja na kurudishwa kwa namna ambayo nashindwa kuielewa. Mipira miwili myembamba inaning'inia bila kushikana na chochote, kibomba kimoja cha kabureta kimezibwa kwa skrubu, na mpira unaotoka kwenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi) umechomekwa kwenye kibomba kilicho chini kabisa, karibu na mahali kabureta inapokalia manifoldi (bomba linalogawa hewa na mafuta kwa silinda).

Injini hunguruma kwa kasi kuliko inavyopaswa hata nisipokanyaga mafuta, na ikishapata moto kwenye foleni hutetemeka, mara nyingine ikazima. Nikikanyaga breki nasikia hewa ikipiga mluzi karibu na miguu yangu, na pedali imeanza kuwa ngumu. Mchoro niliopata ni wa Samurai, yaani gari hilihili kama lilivyouzwa Marekani. Una mipira mingi mno, na nusu ya vifaa vinavyoonyeshwa humo sivioni kwenye gari langu.

Nimeazima geji ya vakyumu, na sindano inasimama kwenye inchi 13 za zebaki. Maelezo yaliyokuja na geji yanasema kwamba injini nzima huonyesha kati ya 17 na 21, na fundi aliyeitazama gari ameniambia kwamba ringi zimekwisha na injini ifunguliwe. Kabla sijaingia gharama hiyo, ninaomba kujua mambo mawili: nitatambuaje mpira upi unaingia wapi bila mchoro sahihi, na je, inchi 13 zinatosha kuihukumu injini?

FundiWaKariobangi alijibu:

Ndugu, ahirisha kwanza mpango wa kufungua injini. Takwimu za 17 hadi 21 ziliandikwa kwa gari lililo kwenye usawa wa bahari. Geji ya vakyumu hupima tofauti kati ya shinikizo la hewa ya nje na shinikizo lililomo ndani ya manifoldi, na hewa ya nje hapa kwetu, karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, ina shinikizo dogo kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha moja ya tano. Kanuni ya kukadiria ni kupunguza inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, na kwa Nairobi hesabu hiyo inafikia inchi sita hivi. Kwa hiyo injini nzima hapa mjini huonyesha kati ya 11 na 15. Ukiteremka na geji hiyohiyo hadi Magadi, ambako ni karibu mita 600 tu, utaona sindano imepanda inchi tatu au nne bila mtu kugusa chochote.

Kinachosema zaidi kuliko namba ni mwenendo wa sindano. Ikisimama tuli lakini chini ya kiwango, shuku hewa inayopenya mahali fulani au taimingi (wakati cheche inapowasha mafuta) iliyochelewa. Ikishtuka na kurudi kwa mpigo uleule, tafuta vali iliyoungua au isiyofunga vizuri. Ikielea polepole huku na huku, mchanganyiko wa mafuta na hewa haujakaa sawa. Na iwapo ukishikilia mafuta kwa mwendo wa kati sindano inazidi kushuka kadiri muda unavyopita, huenda ekzosi imeziba. Ringi hupimwa kwa kompresheni, silinda moja baada ya nyingine, na hapo napo kumbuka kwamba namba za kitabu hushuka kwa karibu moja ya tano katika mwinuko huu, hivyo linganisha silinda na silinda kabla ya kulinganisha na kitabu. Silinda iliyo dhaifu itiwe mafuta ya injini kijiko kimoja na ipimwe tena: ikipanda kwa wazi, ringi zina neno, isipopanda, tazama vali.

Sasa tuingie kwenye mipira. Mchoro wa Marekani uweke kando. Samurai za huko, kuanzia modeli ya 1986, zilifungwa vifaa vingi vya kupunguza moshi ambavyo magari yaliyoletwa sehemu nyingine hayakuwa navyo, na kuanzia 1990 hata kabureta iliondolewa ikawekwa mfumo wa kupuliza mafuta. Ukilazimisha mchoro huo utatafuta vitu ambavyo havikuwahi kuwapo. Badala yake, tambua kila kibomba kwa kazi yake.

Kabureta ina vibomba vya aina mbili, na karibu kila kosa ninaloliona kwenye gari za namna hii linatokana na kuchanganya aina hizo. Aina ya kwanza imetobolewa chini ya kipepeo, yaani kile kibamba kinachofunguka unapokanyaga mafuta, na hupata vakyumu ya manifoldi moja kwa moja, ikiwa na nguvu zaidi unapokuwa hujakanyaga mafuta na unapoachia mafuta kwenye mteremko. Aina ya pili imetobolewa juu kidogo ya ukingo wa kipepeo kikiwa kimefungwa. Usipokanyaga mafuta haivuti kitu, na kipepeo kikifunguka kidogo tu huanza kuvuta. Huhitaji kitabu kuzitofautisha. Washa injini hadi ipate moto, chomoa mpira mmoja, weka kidole kwenye kibomba. Kikikuvuta bila kukanyaga mafuta, hicho ni cha manifoldi. Kisipokuvuta, mwambie mtu aongeze mafuta kidogo, na kikianza kuvuta hapo ndipo umekipata cha juu ya kipepeo. Andika matokeo kwenye utepe, ubandike kwenye kibomba, kisha uende kwa kinachofuata.

Mpira wa distribyuta, katika magari mengi ya Kijapani ya kabureta ya miaka hiyo, unaingia kwenye kibomba cha juu ya kipepeo. Kazi yake ni kusogeza taimingi mbele unapokwenda kwa mwendo mwepesi, ili mafuta yaungue vizuri bila kupoteza. Maelezo yako yanaonyesha kwamba wako umechomekwa kwenye kibomba cha manifoldi. Ikiwa ndivyo, taimingi inasogezwa mbele wakati ambapo hujakanyaga mafuta, na hilo peke yake linatosha kueleza mngurumo wa kasi. Ninashuku pia kwamba kile kibomba kilichozibwa kwa skrubu ndicho mpira huo ulikotakiwa kuwa. Kabla ya kuuhamisha, chomoa ncha ya upande wa kabureta, ondoa kifuniko cha distribyuta, na uvute hewa kwa mdomo: bamba la ndani lisogee, na ukiziba mpira kwa ulimi lisirudi. Likirudi, kiwambo cha distribyuta (utando unaovutwa na vakyumu) kimetoboka, na hapo mpira wenyewe umekuwa njia ya kuingizia hewa.

Mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi kwenda kwenye busta ya breki (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga) ndio wa kushughulikia leo hii, kabla ya hiyo mingine yote. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, uishikilie hivyo, kisha uwashe. Pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, busta haipati vakyumu. Busta hufanya kazi kwa tofauti ileile ya shinikizo inayopimwa na geji, na kwa kuwa hapa tofauti hiyo ni ndogo tangu mwanzo, uvujaji ambao dereva wa Mombasa angeuvumilia, wewe utauhisi kwenye mguu. Ndani ya mpira huo, au mahali unapoingia kwenye busta, kuna vali ya upande mmoja inayoruhusu hewa itoke kwenye busta kwenda kwenye injini tu. Ichomoe na uipulize: ipitishe upande mmoja na ikatae upande wa pili.

Mpira wa PCV hutoa moshi wa ndani ya injini na kuupeleka kwenye manifoldi kupitia vali yake. Wa pili, unaotoka kwenye kifuniko cha vali kwenda kwenye chujio la hewa, huleta hewa safi na si mpira wa vakyumu. Vali ya PCV ukiitikisa isikike ikigonga ndani. Ikikwama wazi, injini inavuta hewa wakati wote, na ikikwama imefungwa, shinikizo hutafuta njia kwenye sili za mafuta. Iwapo gari lako lina vali ya EGR (ya kurudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini), mpira wake usiwe kwenye vakyumu ya manifoldi moja kwa moja, kwa maana vali hiyo ikifunguka wakati hujakanyaga mafuta, moshi wa ekzosi unarudi ndani na injini inazima kwenye foleni kama unavyoeleza. Na ukiona kijisehemu chenye vibomba viwili au vitatu kilichokazwa mahali maji ya rejeta yanapopita, hiyo ni swichi ya joto. Hufungua na kufunga njia ya vakyumu kulingana na joto la maji, na hujaribiwa kwa kupuliza injini ikiwa baridi, kisha ikiwa moto.

Jambo la mwisho kwa sasa: usidhani kwamba kila mpira mwembamba ni wa vakyumu. Gari hili lina njia tatu za mafuta, yaani ya kupeleka, ya kurudisha na ya mvuke wa tangi, na kuna pia mipira ya kupumulia ya kabureta na ya difu. Mmoja kati ya hiyo miwili inayoning'inia unaweza kuwa wa kupumulia, na huo hautakiwi kuzibwa.

Kokoto_na_Vumbi alijibu:

Mimi nina rai fupi zaidi. Acha busta, PCV na distribyuta. Vibomba vingine vyote viziba, vifaa vyake vitoe, na usahau. Gari la miaka hiyo halikaguliwi moshi kwa namna ya Marekani, na kadiri mipira inavyopungua ndivyo mahali pa kuvuja panavyopungua. Wengi wetu tunaopanda milima tumefanya hivyo, na magari yanakwenda.

FundiWaKariobangi alijibu:

Ndugu Kokoto, kwa gari ambalo vifaa vyake vimekwisha kupotea sikatai sana, ila neno "vyote" ndilo linaloniogopesha. Nimeletewa gari lililozibwa mpira wa mvuke wa tangi kwa jina la kupunguza mipira. Pampu ilivuta mafuta, hewa haikuwa na njia ya kuingia kwenye tangi, na gari likawa linazima barabarani kisha linawaka tena baada ya kupumzika, huku mwenyewe akibadilisha pampu ya mafuta bure. Kopo la mkaa, linalonasa mvuke wa petroli kutoka kwenye tangi, nalo likikatwa, harufu ya petroli inajaa chini ya boneti na ndani ya gari, na katika joto la bonde la Magadi si jambo la kupuuza.

Vilevile, anayeziba EGR na afahamu kwamba kabureta na taimingi vilipangwa vikiitegemea katika mwendo wa kati, na huenda injini ikaanza kugonga ikipanda mlima. Hapo atalazimika kurudisha taimingi nyuma kidogo. Mfumo wa kupasha moto hewa inayoingia kwenye chujio, hapa Nairobi, tunaweza kuishi bila huo. Kibomba kinachozibwa kizibwe kwa kofia ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, si kwa skrubu: nyuzi za skrubu hupitisha hewa, na kuikaza kunapanua au kupasua kibomba.

Na suala la vumbi halijatajwa. Kila tundu lililo nyuma ya chujio la hewa linaingiza hewa ambayo haijachujwa, na vumbi la barabara za Kajiado likipita hapo linakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Anayeambiwa leo kwamba ringi zimekwisha wakati bado ni nzima, akiendelea kuendesha na mpira uliopasuka, atazimaliza kwa kweli.

MamaVipuri_Kirinyaga alijibu:

Nami niongeze upande wa vifaa, kwa kuwa wateja hufika kaunta wakisema "nipe mpira mwembamba" na kuondoka na kitu ambacho hakitadumu. Pima kibomba kwa nje kwa kipimo cha taya, usipime mpira wa zamani, maana umekwisha kupanuka. Mpira mpya uwe na tundu dogo kidogo kuliko kibomba ili uingie kwa kubana. Vibomba vya kabureta kwenye magari haya mara nyingi ni vya milimita nne hadi sita, lakini ukibeba kipimo kamili hutarudi dukani mara ya pili.

Mipira ya silikoni ya rangi za kupendeza inastahimili joto vizuri sana, na kwa distribyuta au swichi ya joto haina tatizo. Isiwekwe kwenye PCV, kwenye kopo la mkaa wala mahali popote mvuke wa petroli au mafuta ya injini unapopita, kwa sababu silikoni huvimba na kulegea ikikutana na vitu hivyo. Kwa njia hizo chukua mpira mweusi unaostahimili mafuta, ule unaouzwa kwa ajili ya petroli. Ile mipira myeupe ya plastiki inayoonyesha ndani usiinunue hata ukipewa kwa bei ya bure. Ikipata moto hulainika na kujibana yenyewe, na utatafuta tatizo usilione kwa sababu injini ikizimwa inarudi kuwa wazi.

Wa busta ni habari nyingine kabisa. Una kuta nene zenye uzi ndani, na umetengenezwa usibonyee unapovutwa. Mpira wa maji ya hita unafanana nao kwa macho na ni wa bei nafuu, lakini umetengenezwa kuzuia shinikizo linalosukuma kutoka ndani, na ukivutwa kwa vakyumu huku umepata joto unaweza kufunga katikati, jambo ambalo kwa breki sipendi hata kulifikiria. Nikiulizwa, kwa breki sikubali mpira uliotumika, hata ukiwa umetoka Japani.

Ncha zikatwe kwa wembe, ziwe bapa. Badilisha mmoja mmoja, usichomoe yote kwa pamoja, na upige picha kabla ya kugusa chochote. Kwenye mitaa yenye panya, kagua pia mipira iliyo nyuma kabisa karibu na ukuta wa injini. Hiyo ndiyo wanayoitafuna, na haionekani ukisimama mbele ya gari.

Pajero_ya_Embakasi aliuliza:

Samahani kwa kuingilia. Mimi nina Pajero ya dizeli ya kizazi cha pili, yenye Super Select (mfumo wa Mitsubishi wa kuchagua 4WD), na taa ya magurudumu ya mbele humetameta bila kutulia nikiingiza 4WD. Je, haya ya vakyumu yananihusu, wakati injini ya dizeli haina kabureta?

FundiWaKariobangi alijibu:

Yanakuhusu, ila chanzo cha vakyumu ni tofauti. Dizeli yako haina kipepeo cha kuzuia hewa, kwa hiyo manifoldi haitoi vakyumu ya kutegemewa. Kuna pampu yake, ambayo kwenye injini ya 4D56 imefungwa nyuma ya alteneta. Mipira midogo hupeleka vakyumu hiyo kupitia vali za umeme hadi kwenye kiwambo kilicho kwenye ekseli ya mbele, nacho ndicho kinachounganisha nusu ya ekseli. Taa ikiendelea kumetameta, mfumo haujapata uthibitisho kwamba muungano umekamilika. Chomoa mpira wa mwisho kwenye kiwambo hicho, injini ikiwa inawaka na 4WD imeingizwa, uone kama unavuta. Ukivuta, tazama kiwambo na swichi yake. Usipovuta, rudi nyuma kipande kwa kipande hadi kwenye vali. Breki zikiwa ngumu pia, anza na pampu.

SierraYaRongai alijibu:

Ninawashukuru sana. Nimefuata maelekezo, na haya ndiyo niliyoyakuta.

Mpira wa distribyuta kweli ulikuwa kwenye kibomba cha manifoldi, kwani kilinivuta kidole bila kukanyaga mafuta. Nilipotoa skrubu kwenye kile kibomba kingine, hakikuvuta hadi mafuta yalipoongezwa. Nimehamisha mpira na kukifunika kile cha chini kwa kofia. Kiwambo cha distribyuta kinashika. Mmoja kati ya mipira inayoning'inia nimeufuata hadi juu ya difu ya nyuma, kwa hiyo ni wa kupumulia. Wa pili unatoka kwenye kopo la mkaa, na bado sijajua ulikuwa unaingia wapi.

Baada ya kuhamisha mpira, mngurumo umeshuka mno, na injini inazima nisipoishikilia kwa mafuta. Tena, nilipoubana mpira wa busta kwa koleo iliyofungwa kitambaa, sindano ilipanda kutoka 13 hadi karibu 14 na nusu na mtetemeko ukapungua. Pedali haikuzama kwenye lile jaribio. Je, ni mpira, ni vali ya upande mmoja, au ni busta yenyewe?

FundiWaKariobangi alijibu:

Hapo sasa mambo yanaonekana. Sindano iliyopanda hadi 14 na nusu katika mwinuko huu ni ya injini ambayo haina haraka ya kufunguliwa.

Ili kutenganisha mpira na busta, chomoa ncha ya upande wa busta na uizibe kwa kizibo kisichopitisha hewa, kisha uwashe. Sindano ikibaki juu, mpira ni mzima na busta ndiyo inayovuja. Ikirudi 13, mpira una tundu au umelegea kwenye manifoldi. Kwa kuwa unasikia mluzi miguuni ukikanyaga pedali, dau langu ni kiwambo cha busta. Fungua pia nati za silinda kuu ya breki, uisogeze mbele taratibu bila kukata njia za mafuta, na uangalie nyuma yake: pakiwa pamelowa mafuta ya breki, sili ya silinda kuu ndiyo iliyoharibu kiwambo, na kubadilisha busta peke yake kutakurudisha palepale. Hadi hilo lishughulikiwe, gari lisiteremke Magadi wala mteremko mwingine wowote mrefu.

Kuhusu kuzima, usishangae. Aliyeifunga kabureta alipata mngurumo wa juu kwa sababu ya mpira uliokosewa, akajaribu kuurudisha chini kwa skrubu ya kipepeo; sasa kosa limeondoka na skrubu imebaki ilipo. Mpangilio unafanywa kwa utaratibu, na hauna maana kabla uvujaji wa busta haujazibwa. Kwa kuwa utakuwa unapanga tu na huendi popote, unaweza kuuziba mpira wa busta kwa muda. Injini ipate moto kamili. Chomoa mpira wa distribyuta, uzibe ncha yake, upime taimingi kwa taa na uiweke kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha boneti au kwenye kitabu cha soko lako. Rudisha mpira, taimingi isibadilike bila kukanyaga mafuta, na ikibadilika bado uko kwenye kibomba kisicho chake. Kisha weka mngurumo karibu mizunguko 800 kwa dakika kwa skrubu ya kipepeo, ndipo uguse ile ya mchanganyiko: izungushe polepole huku ukitazama geji hadi sindano ifike juu kabisa, halafu punguza mafuta kidogo mpaka ianze tu kutaka kushuka. Mngurumo ukipanda, urudishe 800 na urudie. Ukiyafanya haya Nairobi, usiigeuze skrubu kila unaposhuka bondeni. Hewa nzito ya kule itafanya mchanganyiko uwe na mafuta machache kidogo, na kabureta iliyopangwa vizuri hulivumilia hilo.

Mpira wa kopo la mkaa huenda kwenye kibomba ambacho hakivuti bila kukanyaga mafuta, ili mvuke usivutwe injini ikiwa haina haja nao. Ukikuta kabureta yako ina kibomba cha pili cha tabia hiyo, chomeka hapo. Iwapo hakuna, usiugawie vakyumu ya distribyuta. Funika ncha ya kuvutia, uache tangi lipumulie kwenye kopo, na uhakikishe tundu la hewa la chini ya kopo halijazibwa na matope.

MamaVipuri_Kirinyaga alijibu:

Fundi, hujamwuliza kuhusu gasketi. Kabureta ilifunguliwa, na mara nyingi gasketi ya zamani hurudishwa ikiwa imepakwa gundi.

FundiWaKariobangi alijibu:

Dada, umesema kweli, na hilo alikague kabla ya kupanga taimingi. Ndugu Sierra, injini ikiwa inawaka, chukua chupa ya kupulizia maji na urashie kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta na mahali manifoldi inapokutana na silinda hedi, ukiepuka distribyuta na waya za plagi. Mngurumo ukibadilika ghafla, umepata mahali. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Juu ya ekzosi yenye moto mimi siruhusu kwenye karakana yangu. Mahali ambapo maji hayafiki, chukua mpira mrefu, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe taratibu kwenye maungio.

Tazama pia mhimili wa kipepeo. Ushike kwa vidole na uutikise: ukicheza wazi, hewa inapita pembeni mwake, na hakuna mpira wala gasketi itakayoliponya hilo isipokuwa kuutengeneza mwili wa kabureta. Kile kipande kinene kinachozuia joto, kilicho kati ya kabureta na manifoldi, kikikutwa na ufa kibadilishwe, kisipakwe gundi. Nati za kitako zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana kona kwa kona, maana zikikazwa upande mmoja hadi mwisho kitako hupinda, kisha zirudiwe injini ikiwa imepata moto na kupoa.